Mtungi Niliomwagia Zege

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, pole, umenikuta pabaya. Naitwa Yun-sen, wa ukoo wa Sung, mzaliwa wa Meinong, mji wa wakulima wa tumbaku. Nina miaka arobaini na tisa, vidole vinane, na ghala moja bovu la kukaushia tumbaku.

Vidole viwili nilivibakiza kiwandani, jijini Kaohsiung. Baada ya vidole ikaondoka kazi, baada ya kazi ikaondoka nyumba, na baada ya nyumba mke wangu Pei-shan akamchukua binti yetu Han-yu wakahamia kwa mama mkwe. Hakunitukana wala hakulia. Alisema tu, "Yun-sen, tafuta pahali penye sakafu, na choo chenye mlango. Ukipata, piga simu."

Ndipo nikalikumbuka ghala alilojenga babu, lililokuwa limekaa bure tangu watu wa kwetu walipoacha kulima tumbaku. Mwaka mzima nimekuwa nikiligeuza nyumba kwa mikono yangu hii. Mchwa walikula boriti. Kimbunga cha mwezi wa tisa kikaondoka na mabati, nikaanza upya. Mmenicheka, mmenionea huruma, na msomaji mmoja aliniandikia kwamba mimi si fundi, ni adhabu. Sikatai.

Wiki iliyopita niliwaachia furaha. Lori la zege lilifika, sakafu ikamwagwa, nikampigia simu mke wangu. Yote hayo ni kweli. Ila kuna jambo moja nililiruka, na leo nalirudia kwa sababu limenishinda kulibeba.

Zege lilikuwa na siku mbili tu Baba Mkubwa alipoingia.

Baba Mkubwa Te-wang ni kaka yake marehemu baba yangu. Ana miaka themanini na saba na anakaa ng'ambo ya ua wetu. Mara tatu kwa wiki hupelekwa mjini kusafishwa damu kwa mashine, na siku nyingine nne hushinda akinikosoa. Siku hiyo alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu, na kwapani ana kalenda ya kutazamia siku njema.

"Wee Yun-sen! Vua viatu. Unakanyaga sakafu mpya kama nyati."

"Sakafu ni yangu, Baba Mkubwa."

"Ndiyo maana naionea huruma." Akaigonga kwa fimbo. "Imekauka?"

"Inaendelea kukauka."

Akatazama huku na huku. Ghala letu lilikuwa na matanuri manne ya kuwashia kuni, yamepangwa ukutani. Sasa ukuta ulikuwa mtupu.

"Tanuri la nne liko wapi?"

"Nimelibomoa. Hapo ndipo chumba cha Han-yu."

"Si nilikwambia usiliguse mpaka nikupe siku?"

"Uliniambia. Lakini lori la zege..."

"Haya, haya, yaliyopita si ndwele." Alikuwa na furaha kiasi kwamba hasira ilimpita pembeni. "Siku yenyewe imeshafika. Tarehe ishirini, keshokutwa, kaburi la ukoo linafunguliwa. Nimekuja kumchukua dada yangu."

"Dada yako nani?"

"Kwani nina madada wangapi? Lien-moi. Shangazi yako. Alikuwa nyuma ya tanuri la nne, ndani ya mtungi wake. Umemhamishia wapi?"

Nikashika ukuta.

Kwetu mtu huzikwa mara mbili. Baada ya miaka saba hufukuliwa, mifupa ikasafishwa na kupangwa ndani ya mtungi, na mtungi ukangoja siku ya kuingizwa katika kaburi la ukoo, ambalo hufunguliwa siku moja tu kwa mwaka. Lakini binti aliyekufa bila kuolewa hana mlango humo. Anahesabiwa si wa kwao, na kwa mume hakufika. Mimi tangu utotoni niliambiwa kwamba Shangazi Lien-moi yuko hekaluni milimani, na watawa wanamchomea ubani.

Sura yake siikumbuki. Mgongo wake naukumbuka. Alikuwa akinifunga mgongoni kwa mbeleko huku akichochea moto wa tumbaku, siku sita mfululizo moto haufai kuzimika, na alikuwa akinifukia viazi vitamu kwenye majivu ya tanuri lile la nne. Alikufa kwa kifua mimi nikiwa na miaka saba. Nililia mpaka nikapata homa, na mama akanichapa kwa kulia kupita kiasi.

"Baba Mkubwa, si yuko hekaluni?"

"Hekaluni walitaka jina la baba kwenye fomu, na babu yako alikataa kuliandika. Ningempeleka wapi? Nikamweka pale. Palikuwa na joto, hapakosi moto, na alipapenda." Akapangusa macho kwa mkono wa koti. "Miaka thelathini na mitano, Yun-sen. Sasa sema, umemweka pazuri?"

Hapa ndipo ningesema kweli. Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa.

"Nimemweka pazuri, Baba Mkubwa."

"Pakavu?"

"Pakavu."

"Hujaweka kitu juu yake?"

"Hapana," nikasema. Nilikuwa nimesimama juu yake.

Akacheka kwa kuridhika, akanipiga begani. "Basi jiandae. Wewe ndiye utakayembeba."

"Mimi? Si mwanao Chin-kuei ndiye mkubwa wetu?"

"Chin-kuei mgongo unamuuma."

"Chin-kuei juzi tu kakimbia mbio za wazee akapewa kombe!"

"Nimesema utambeba wewe! Mbona mbishi hivyo?"

"Na wazee wa ukoo wamekubali aingie?"

"Wamekataa mara tatu. Eti binti asiye na mume, asiye na mtoto, nani atamchomea ubani? Safari hii nina jibu lao."

"Jibu gani?"

"Liko na mwenyewe mtungini." Akavaa kofia, akatoka, na mlangoni akageuka. "Mwakani mimi sitakuwepo, Yun-sen. Daktari anasema labda, mimi najua. Kwa hiyo ni keshokutwa au basi."

Sasa lile nililoliruka wiki iliyopita.

Siku ya zege, lori lilifika saa moja kabla ya wakati. Dereva alikuwa anapiga honi kana kwamba nimeoa dada yake nikakimbia. Mimi nilikuwa bado nabomoa tanuri la mwisho, na chini yake kulikuwa na shimo la majivu linalofika kiunoni. Lilitakiwa kujazwa kifusi, halafu mchanga, halafu nailoni, ndipo zege lije juu.

"Bosi!" dereva akafoka. "Zege halina subira! Likigandia tumboni mwa lori utalitafuna wewe?"

Nilitupa matofali, nikatupa mabomba ya moshi, nikatupa kila kilichokuwa karibu. Nyuma ya tofali la mwisho kulikuwa na mtungi.

Mtoto yeyote wa Meinong anaujua mtungi ule kwa umbo. Una kimo cha kufika gotini, na kifuniko kama sahani nzito. Ni kweli pia kwamba mitungi mitupu hutupwa ovyo, mifupa yake ikishahamishwa. Nikajiambia huu ni mmoja wa hiyo.

Lakini niliunyanyua, na ulikuwa mzito. Nikajiambia ni maji ya mvua.

Na kifuniko chake kilikuwa kimezibwa kwa chokaa pande zote. Hapo sikujiambia kitu. Mtungi mtupu hauzibwi kwa chokaa. Nililijua hilo, mikono yangu ililijua, na honi ilikuwa inapigwa, na Pei-shan alikuwa anakuja Jumamosi kuona sakafu. Nikaushusha shimoni. Wakati naumwagia kifusi nilisikia kitu kikipasuka.

Ndivyo ilivyokuwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu langu lilibaki zima, kilichovunjika ni cha mwingine.

Nilimwendea mama.

Mama yangu ana miaka themanini na miwili. Alikuwa uani akigeuza figili zilizoanikwa kwenye mkeka. Ni lazima mjue jambo moja juu yake: tangu nianze ujenzi hajawahi kutia mguu ndani ya ghala. Chai yangu huiacha kizingitini, akaniita, akaondoka. Nilidhani anaogopa boriti.

"Mama, Shangazi Lien-moi hakuwa hekaluni."

Hakuacha kugeuza figili. "Nani kakwambia?"

"Baba Mkubwa. Alikuwa kwenye mtungi, nyuma ya tanuri. Nami nimemfukia, Mama. Nimemmwagia zege."

Ndipo akaacha. Nilingoja anilaani. Mama huyu aliwahi kunichapa kwa pera moja la jirani.

"Mwache hapohapo," akasema.

"Nimwache?"

"Zege limeshamfunika. Mwache apumzike. Mkeo anakuja kesho. Utampokea kwa shimo?"

"Baba Mkubwa anataka aingie kaburini, Mama. Anasema ni mwaka huu au basi."

"Baba yako Mkubwa ana figo mbili mbovu na mdomo mmoja mzima. Mwambie mtungi umeibwa."

"Mama!"

"Yun-sen, nitazame. Mimi ni mama yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Nimewahi kukuomba kitu?"

Nilifikiri. Hakuwahi. Hata baba alipokufa hakuniomba nirudi.

"Basi nakuomba. Hiki kimoja tu. Mwache chini."

Figili aliyokuwa ameishika ilikuwa imepondeka mkononi mwake, maji yanachuruzika hadi kwenye kiwiko. Mama yangu hapotezi hata ganda la karanga.

Pei-shan akapiga simu saa hiyohiyo.

"Sakafu ipo?"

"Ipo."

"Yun-sen, sauti yako vipi? Ipo kweli, au ni kama ile 'bafu ipo' uliyonionyesha ndoo?"

"Ipo, Pei-shan. Nzuri. Imenyooka."

"Han-yu amekuchagulia kitu. Zulia dogo la chumba chake. Nimemwambia chumba kina sakafu, amewatangazia darasa zima. Usiniaibishe mbele ya mtoto."

Nikakata shauri. Nitamwacha. Mama ameomba, mke anakuja, mtoto ana zulia. Waliokufa wana subira kuliko sisi. Nililala nikiwa na amani, na aibu ya usingizi ule ninayo mpaka leo.

Asubuhi nikamkuta Baba Mkubwa uani, ameketi kwenye kigoda, anaosha mwavuli mweusi kwa sabuni. Kwetu mifupa haionyeshwi mbingu wazi, hufunikwa kwa mwavuli njia nzima.

"Njoo unishikie huku," akasema. "Ulikuwa wake huu. Umetoboka sehemu moja, lakini yeye hakuwa mtu wa makuu."

Nikashika upande mmoja. Akawa anasugua na kuongea bila kunitazama.

"Wajua, kila jioni nilikuwa napita pale kumuaga. Dada, nimeshakula. Dada, leo kuna baridi. Ulipoanza ujenzi nikawa naona haya, utasema mzee kaharibikiwa. Jana ulipokwenda kununua misumari niliingia, nikaongea na ule ukuta mtupu." Akacheka kidogo. "Nipeleke nimwone, Yun-sen. Nimsalimie tu, halafu nirudi nikanywe uji."

Nilijaribu kusema "baadaye". Ulimi ukakataa.

"Baba Mkubwa, yuko chini ya sakafu."

"Sakafu ipi?"

"Hiyo. Ya chumba cha Han-yu. Nilimtupa shimoni pamoja na matofali. Niliona chokaa kwenye kifuniko, nikamtupa hivyohivyo. Jana nikakudanganya."

Aliweka mwavuli chini taratibu. Akasimama kwa kushika bega langu, akanizaba kofi.

Mkono wake ulikuwa umejaa plasta za sindano, na haukuwa na nguvu hata ya kufukuza nzi. Haukuniumiza. Natamani ungeniumiza.

"Moto wa siku sita," akasema. "Kifua kimeoza, anakohoa damu, na bado anakuchomea viazi wewe. Wewe!"

Nilipiga magoti hapo uani, nikalia mtu mzima mimi.

"Nyanyuka," akasema. "Kulia utalia baadaye. Lete nyundo."

Zege la siku tatu halijakomaa, lakini lina kiburi. Nilianza na nyundo kubwa na tindo saa mbili asubuhi. Kila nilipopiga, kazi yangu ya mwaka mzima ilinirukia machoni vipandevipande. Baba Mkubwa aliketi kwenye kigoda ndani ya chumba, amefungua mwavuli wake na kuunyoosha juu ya shimo ambalo halikuwa bado shimo.

"Mkono utakufa ganzi, Baba Mkubwa. Bado sana."

"Wewe piga."

Nilipofika kwenye wavu wa nondo nikasikia gari uani, mlango wake ukabamizwa, kisha viatu vya Pei-shan. Aliingia peke yake, zulia limekunjwa kwapani, la rangi ya chungwa. Akatazama sakafu iliyopasuliwa. Akatazama vumbi, nyundo, mzee na mwavuli wake ndani ya nyumba.

"Hii ndiyo iliyonyooka?"

"Pei-shan, ngoja nikueleze."

"Mwaka mzima nakungoja unieleze! Mtoto anaulizwa shuleni baba yako anakaa wapi, anasema anajenga. Anajenga! Wewe unajenga au unabomoa?"

"Chini yake kuna Shangazi," Baba Mkubwa akasema.

Pei-shan akageukia shimo. Yeye pia ni binti wa Meinong, hakuhitaji maneno mengi. Nilimweleza yote, lori, chokaa, uongo. Sikujipunguzia hata kidogo. Nilipomaliza nikangoja asikie vizuri, ageuke, aende zake. Alikuwa na haki.

Akaegemeza zulia ukutani, akakunja suruali. "Koleo liko wapi?"

"Pei-shan..."

"Usiniite-ite. Sijakusamehe. Nimeuliza koleo."

Tulichimba wawili. Nilikata nondo, nikachana nailoni, tukatoa mchanga kwa ndoo. Alikuwa akichukua ndoo mkononi mwangu bila kugusa vidole vyangu. Saa sita koleo lake liligusa kigae, akalitupa pembeni akaanza kufukua kwa mikono.

Mtungi ulikuwa umepasuka vipande vitatu. Mifupa ilikuwa myembamba, ya rangi ya chai, na kati yake mlikuwa na tofali nililolitupa mimi. Sitasema zaidi hapo.

"Mwavuli," Baba Mkubwa akasema, akausogeza mpaka akainama nao. "Dada, nimekuja. Usiogope vumbi, ni mimi."

"Tumlaze juu ya nini?" nikauliza. Hakukuwa na kitu kisafi nyumba nzima.

Pei-shan akaenda ukutani, akalifungua zulia la Han-yu, akalitandaza chini. "Hapa," akasema. Ndipo nikaona machozi yameshamfika kidevuni.

Tukampanga mfupa kwa mfupa, miguu kwanza, kama inavyotakiwa. Niliponyanyua mfupa wa bega, mwembamba ule, nilikumbuka kwamba hapo ndipo nilipokuwa nalaza shavu langu.

Kifuniko kilikuwa kizima. Desturi yetu ni kuandika kwa wino upande wa ndani: jina la aliyemo, na chini yake jina la mwanawe aliyemhifadhi. Kwa binti asiyeolewa pale chini huachwa wazi.

"Kigeuze," Baba Mkubwa akasema. "Niliandika mimi mwenyewe. Hilo ndilo jibu lao."

Nikakipangusa kwa kiganja. Wino ulikuwa umefifia, lakini mwandiko wa Baba Mkubwa ni ule ule unaonikosoa kwenye risiti za mbao. Jina la kwanza lilikuwa Lien-moi, binti wa Sung.

Pale chini hapakuwa wazi.

Paliandikwa: *Amehifadhiwa na mwanawe, Yun-sen.*

Nilisoma mara ya pili. Katika ukoo wetu jina halirudiwi. Yun-sen ni mmoja tu, ana vidole vinane.

"Alikuwa na miaka kumi na tisa," Baba Mkubwa akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwanamume alikuwa mkaguzi wa tumbaku, akahamishwa. Babu yako akasema mtoto apewe mdogo wangu, alikuwa na mke na hawakujaliwa. Yeye akaruhusiwa kukubeba akiwa kazini tu, na usimwite mama. Nilimwahidi mama yako kutosema. Nimetunza ahadi mpaka figo zimechoka."

Pei-shan alinishika mikono. Vile vidole vinane, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kesho saa tatu utasimama mbele ya wazee," Baba Mkubwa akaendelea, "ukisome kwa sauti. Mwenye mtoto wa kiume ana mlango. Ukisoma, anaingia. Usiposoma, wazee wanafunga, na mimi sina mwaka mwingine."

Nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya jiwe.

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa ameleta chai, ameiweka kizingitini kama siku zote. Sijui alifika tangu lini. Uso wake ulinitosha kujua kwamba alifika mapema.

Hakuniita akaondoka. Alivua kandambili zake, akaziweka sambamba, akatia mguu ndani ya ghala. Akapita juu ya zege lililopasuka, peku, huku amejishika ukutani, mpaka kwenye zulia. Akaketi chini kwa shida.

Alianza kwa kumsemesha aliyelala pale. "Lien-moi. Nilimchapa alipokulilia. Hilo nisamehe. Mengine yote nilimtendea vizuri."

Kisha akaninyooshea mkono, si kunishika, ni kutaka kifuniko. Sikumpa. Mkono wake ukabaki hewani, una harufu ya figili.

"Kisome tu kesho, simzuii mtu mlango wake," akasema. "Lakini nijibu leo, niende nikalale nikijua. Ukishakisoma mbele ya watu wote wale, mimi utaniitaje?"

Jibu lilikuwa neno moja, la kwanza nililojifunza kutamka. Nilifungua mdomo nilitoe, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nalo mbele ya wanawake wawili, mmoja ameketi na mmoja amelala juu ya zulia.